Sabuni, chumvi ya ORS na mituweli: Hesabu ngumu ya kaya maskini Gisenyi

Na Mwandishi Wetu, Gisenyi

FEDHA zikipungua katika nyumba ya mtu wa kipato kidogo, kitu cha kwanza kuachwa dukani ni sabuni. Chakula kitatafutwa, kodi ya nyumba itaombewa muda, ada ya mtoto itakopwa. Sabuni haina anayeidai. Ikikosekana leo, hakuna anayelala njaa na hakuna anayefukuzwa shule. Gharama yake huja baada ya wiki moja au mbili, mtoto anapoanza kuharisha, na hapo ndipo mtaji wa biashara unapoingia katika dawa.

Hali hiyo inajulikana vyema mjini Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu, mji uliobanana na Goma ya Kongo kiasi kwamba mgeni asiyeonyeshwa kizuizi hatajua nchi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kabla ya janga la korona mwaka 2020, watu makumi ya maelfu walikuwa wakivuka kila siku katika kituo cha Petite Barrière pekee. Walio wengi ni wafanyabiashara wadogo, na wengi wao ni wanawake: nyanya, kabichi, maziwa na nyama kwenda, vitenge, viatu na vipodozi kurudi. Mtaji wao huzunguka kwa siku moja. Asubuhi unatoka, jioni unarudi, na faida ndiyo inayonunua unga, mafuta na sabuni ya siku hiyo.

Kwa sababu hiyo, suala la vifaa vya usafi na dawa za kawaida kwa kaya maskini hapa haliwezi kutenganishwa na mpaka. Mpaka ukiwa wazi, sabuni inapatikana. Ukifungwa siku tatu, watu wanaanza kunawa kwa maji matupu.

Sabuni ya kipande

Maskini hununua kidogo kidogo, na kwa kununua kidogo hulipa zaidi. Mwenye uwezo anachukua katoni ya sabuni na kuiweka stoo. Mwenye mtaji wa siku ananunua kipande kilichokatwa kutoka kwenye mche. Ukijumlisha vipande vyote hadi kufikia mche mzima, utakuta muuza duka amepata faida ambayo mnunuzi angeweza kuibakiza mfukoni. Ni hivyo hivyo kwa mafuta ya kujipaka, chumvi, dawa ya meno, na kwa bahati mbaya hata vidonge.

Ni kiasi gani cha sabuni kinachomtosha mtu? Mashirika ya misaada ya kimataifa yana kipimo chake, kilichomo katika viwango vinavyoitwa Sphere: gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Kwa kaya ya watu sita, jumla yake ni gramu 2,700, yaani kilo 2 na gramu 700 kila mwezi. Mama wa nyumbani anayesoma hapa na apige hesabu ya kwake. Wengi watagundua kwamba katika nyumba zao hutumika nusu ya kiasi hicho au pungufu, na kwamba ile inayopatikana inakwenda karibu yote katika kufua nguo, si kunawa mikono.

Kipimo hicho kina uhusiano na eneo hili ambao wengi hawaujui. Kazi ya kuandaa viwango vya Sphere ilianza mwaka 1997, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa tathmini ya misaada iliyotolewa wakati wa maafa ya Rwanda na yaliyofuata katika kambi za Zaire. Gramu hizo 250 tunazozisoma leo katika vitabu vya misaada zina asili yake, kwa sehemu, katika makaburi ya Goma.

Kipindupindu cha 1994

Katikati ya Julai 1994, watu kati ya 500,000 na 800,000 walipita Gisenyi na kuingia Goma katika muda wa siku chache. Walifikia kwenye ardhi ya mawe ya volkano, migumu, isiyochimbika choo wala kaburi. Maji waliyoyafikia kwa urahisi yalikuwa ya Ziwa Kivu. Kabla mwezi haujaisha, kipindupindu kilikuwa kimelipuka, kikafuatwa na ugonjwa wa kuhara damu. Wataalamu waliochunguza vifo hivyo walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza pekee.

Kipindupindu ni ugonjwa ambao tiba yake ni ya bei nafuu kuliko karibu magonjwa yote yanayoua haraka. Mgonjwa hufa kwa kuishiwa maji na chumvi mwilini. Akirudishiwa maji hayo kwa wakati, kwa kunywa au kwa dripu, wengi sana hupona. Watu walikufa Goma kwa sababu maji safi, sabuni, vyoo na chumvi ya ORS vilichelewa, au havikutosha, au vilikuwa umbali ambao mgonjwa hakuweza kutembea.

Kuhara damu kulitoa fundisho jingine. Vijidudu vya ugonjwa ule vilikuwa vimekwisha zoea dawa nyingi za bei rahisi zilizokuwa zikitumika kuvitibu, kwa hiyo waliomeza vidonge hivyo hawakupata nafuu waliyoitarajia. Somo hilo tutalirudia tutakapofika kwenye dawa zinazouzwa vichochoroni.

Je, sabuni peke yake inasaidia? Jibu lilipatikana katika kambi nyingine ya wakimbizi, ya Nyamithuthu nchini Malawi, katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Watafiti walifuatilia kaya zilizokuwa zikipewa sabuni na kugundua kwamba nyumba ilipokuwa na sabuni, vipindi vya kuharisha vilipungua kwa asilimia 27 vikilinganishwa na wakati isipokuwepo. Sabuni kuwepo tu ndani ya nyumba ilitosha kuleta tofauti hiyo, bila hospitali mpya wala daktari wa ziada.

Misaada huja na moto, huondoka na majivu

Mwenye umri wa miaka 40 aliyekulia Gisenyi ameona foleni za sabuni na ndoo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu.

Novemba 1996, kambi ya Mugunga ilipovunjika, karibu watu nusu milioni walirudi Rwanda kwa miguu katika siku chache, wengi wao wakipitia hapa. Baadhi ya wasomaji wa gazeti hili walikuwemo katika msafara huo wakiwa wamebebwa mgongoni. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka, mto wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani, na mamia ya maelfu ya wakazi wakakimbilia Gisenyi. Wengi walirudi baada ya siku chache tu, wakikanyaga mawe yaliyokuwa bado ya moto. Mei 22, 2021, mlima huo huo ulilipuka tena, ukafuatwa na matetemeko yaliyopasua nyumba pande zote mbili za mpaka, na maelfu wakavuka kwa mara nyingine.

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa iliyonyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda iliua watu zaidi ya 130. Katika Rubavu, Mto Sebeya uliacha njia yake ukaingia katika makazi. Familia zilizonusurika zilitoka na nguo walizovaa. Januari 2025, kundi la M23 lilipouteka mji wa Goma, makombora yaliangukia upande wa Rubavu na kuua raia, huku watu wakivuka kutafuta hifadhi. Mwezi Mei mwaka huo huo, mamia ya Wanyarwanda waliokuwa mashariki mwa Kongo walirejeshwa kupitia mpaka huu na kupelekwa kwenye kituo cha muda cha Kijote, wilayani Nyabihu.

Kila tukio kati ya hayo lilileta misaada: ndoo, sabuni, blanketi, taulo za kike, vidonge vya kusafisha maji. Watoa misaada wanastahili shukrani. Hata hivyo, sabuni iliyogawiwa Mei huisha Juni, na hakuna mlipuko wa volkano mwezi Julai wa kuleta nyingine. Familia inabaki na ndoo yenye nembo ya shirika, ambayo sasa inatumika kuhifadhia unga.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Maafa yanaonekana kwa kamera. Ukosefu wa sabuni wa kila mwezi hauonekani. Mjane mwenye watoto wanne aliyerudi kutoka Masisi anahitaji gramu zilezile 450 kwa kila kichwa, awe kambini au awe amekwisha pata chumba cha kupanga.

Ebola ilipobisha hodi

Upo wakati mmoja ambapo kunawa mikono Gisenyi kulikuwa sheria. Agosti 1, 2018, Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini. Julai 14, 2019, mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Goma, mwendo wa dakika chache kutoka Petite Barrière, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ni dharura ya afya ya kimataifa. Agosti 1, 2019, mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa kisha ukafunguliwa.

Kila aliyevuka alipimwa joto na kunawa mikono. Kadhalika, Desemba 2019 ilizinduliwa kampeni ya kuwachanja kwa hiari wakazi wa maeneo ya mpakani, wakiwemo wa Rubavu. Mlipuko ulitangazwa kuisha Juni 25, 2020 bila Rwanda kupata mgonjwa hata mmoja.

Wapo wanaosema ilikuwa bahati. Lakini mabomba ya kunawia mikono, sabuni, vipima joto na wahudumu waliosimama jua na mvua vilikuwa sehemu ya bahati hiyo. Julai 2024, wagonjwa wa kwanza wa mpox walipothibitishwa nchini, ushauri ulikuwa ule ule: maji na sabuni. Mfanyabiashara anayepeana mkono na watu mia kwa siku na kushika noti zilizopita mikono elfu moja hana kinga nyingine ya bei ndogo kama hiyo.

Pia si lazima kuwe na bomba. Katika vijiji vingi vya Rwanda upo mtambo unaoitwa kandagira ukarabe: jerikani dogo lililoning'inizwa kwenye mti, kamba, na kipande cha mti cha kukanyaga kwa mguu ili maji yamwagike bila kushika chochote. Hutengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Kilichosumbua tangu mwanzo ni kile kipande cha sabuni cha kando yake, ambacho huibwa, huliwa na mvua, au hakinunuliwi tena.

Dawa: anza kwa mshauri wa afya

Tukitoka kwenye sabuni tuingie kwenye dawa, hali ya Rwanda ina nafuu ambayo aliyerudi kutoka nje huenda haijui, akaendelea kuishi kama alivyozoea kule alikotoka: kuugua, kwenda duka la dawa, kununua vidonge viwili, kurudi kulala.

Nafuu ya kwanza ni mshauri wa afya. Utaratibu huu ulianza mwaka 1995, nchi ikiwa haina wauguzi wa kutosha baada ya mauaji ya kimbari. Washauri huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, na katika miaka ya 2010 walifikia takribani 45,000 nchi nzima. Kwa watoto chini ya miaka mitano, mshauri aliyefundishwa anaweza kupima malaria na kutoa dawa yake, kutibu nimonia, na kutoa ORS pamoja na zinki kwa mtoto anayeharisha. Mtoto mwenye dalili za hatari hupelekwa kituo cha afya mara moja. Maana yake ni kwamba dawa muhimu kuliko zote kwa mtoto mdogo zipo katika mudugudu, kwa jirani unayemjua.

Nafuu ya pili ni bima ya afya ya jamii, mituweli. Ilianza kwa majaribio mwaka 1999, ikaenezwa nchi nzima katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2011 michango iligawanywa kwa uwezo wa kaya: faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na kundi la maskini kabisa likalipiwa. Tangu Julai 2015 mfuko huo unasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, RSSB. Kwa miaka mingi mwanachama alikuwa akichangia faranga 200 tu anapotibiwa kituo cha afya, na asilimia 10 ya gharama akifika hospitali.

Kaya ya watu sita kwa mchango wa faranga 3,000 kwa kichwa ililipa faranga 18,000 kwa mwaka. Kwa mwenye mtaji wa kapu moja la nyanya, kuzitoa zote kwa mkupuo ni mzigo. Zikigawanywa kwa miezi 12 ni faranga 1,500 kwa mwezi, yaani faranga 50 kwa siku. Ndiyo maana vikundi vingi vya kuweka akiba vya akina mama huanza kukusanya fedha za mituweli mapema, kwani mwaka wa bima huanza Julai. Anayesubiri augue ndipo atafute fedha za bima huwa amechelewa, na mara nyingi huishia kuuza alichokuwa akikiuza.

Kwa aliyerudi kutoka Kongo, Uganda au Tanzania, hatua ni hizi: kujiandikisha kwa kiongozi wa mudugudu, kufuatilia kitambulisho, kuandikisha kila mtu wa kaya, kisha kuulizia mituweli na kumjua mshauri wa afya kwa jina na kwa nyumba. Wapo waliokaa mwaka mzima bila kufanya hivyo kwa kuona haya ya kuulizwa walikotoka. Mtoto mwenye homa usiku wa manane haulizi hayo.

Vidonge vya kwenye kapu

Sasa tuzungumze na wafanyabiashara, tena bila kuficha maneno. Kuna wanaochanganya vidonge na vipodozi katika mizigo ya kurudi. Vidonge ni vyepesi, havionekani, na faida yake ni kubwa kuliko ya kabichi. Anayenunua naye hufurahi: hana foleni ya kituo cha afya, haulizwi swali, na anauziwa kiasi alichonacho mfukoni.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni bandia au haifikii kiwango. Makadirio hayo yanahusu soko zima, likiwemo lenye usimamizi. Kidonge kilichokaa juani kwenye kapu, kikakatwa kutoka kwenye pakiti yenye tarehe, kikafungwa katika karatasi, hakina hata cha kukitetea. Nchini Rwanda, mamlaka ya kusimamia chakula na dawa, Rwanda FDA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, na kuuza dawa bila kibali ni kosa. Msako wa vipodozi vya kuchubua ngozi uliopamba moto mwishoni mwa mwaka huo ulionyesha kwamba kapu la mpakani linaweza kufunguliwa wakati wowote.

Lakini hofu ya polisi ndiyo sababu ndogo. Kubwa ni hii: antibiotiki ikimezwa vidonge viwili badala ya dozi nzima, vijidudu dhaifu hufa na vyenye nguvu hubaki vikizaana. Mara ya pili dawa ile ile haitafanya kazi. Ndivyo dawa za bei rahisi zilivyoshindwa mbele ya kuhara damu mwaka 1994. Anayeuza vidonge viwili viwili leo anajiharibia dawa atakayoihitaji mwanawe kesho.

Ikumbukwe pia kwamba kuharisha kwa kawaida kwa mtoto hakuhitaji antibiotiki. Kunahitaji maji, chumvi na sukari, chakula na zinki. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri ORS pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto chini ya miezi sita. Paketi ya ORS ikikosekana, tengeneza nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, na akitapika subiri dakika kumi uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Ukiona damu kwenye choo, macho kuingia ndani, mtoto kulegea au kushindwa kunywa, usingoje kupambazuke. Mpeleke kituo cha afya.

Haja ambayo haitajwi

Katika orodha ya mahitaji ya nyumbani, kuna bidhaa ambayo baba akiwa ndiye mwenye fedha haitajwi: taulo za kike, ambazo wengi Gisenyi huziita kotekisi. Binti hukata khanga kuukuu, au hukaa nyumbani siku hizo, au hupewa fedha na mtu ambaye siku moja atazidai kwa njia nyingine. Wazazi wanalijua hilo.

Desemba 2019 Rwanda iliondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye bidhaa hiyo. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa bure wanafunzi wa kike. Tanzania iliondoa kodi hiyo mwaka 2018 ikairudisha mwaka 2019, serikali ikieleza kwamba bei madukani haikushuka na nafuu iliishia kwa wafanyabiashara. Jambo hilo linawahusu wasomaji wetu wenye maduka: kodi ikiondolewa, anayeamua kama binti ataiona nafuu ni mwenye duka.

Shule nyingi za Rwanda zina chumba cha wasichana, icyumba cy'umukobwa, chenye taulo, maji na mahali pa kupumzika. Pia mashariki mwa nchi kuna mradi wa SHE unaotengeneza taulo kwa nyuzi za migomba. Hata vitambaa vya kufua na kutumia tena vinafaa, mradi vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani waziwazi. Vinavyofichwa chini ya godoro vikiwa na unyevu ndivyo vinavyoleta muwasho na maradhi. Tunarudi pale pale: bila sabuni, hata kitambaa cha bure hakisaidii.

Kikapu cha nyumba moja

Basi nini kifanyike bila kungoja lori la misaada?

Kwanza, kikundi. Akina mama wa mpakani wanajua upatu kuliko benki yoyote. Wanaoweza kuchangia mtaji wa nyanya wanaweza pia kununua sabuni kwa katoni mara moja kwa mwezi na kugawana kwa bei ya jumla. Kikundi cha watu 20 kikinunua pamoja, ile faida ya kipande inabaki nyumbani kwao, na asiyekuwa na fedha wiki hiyo anachukua kwa deni la kikundi badala ya kukosa kabisa.

Pili, kikapu cha akiba katika kila nyumba, kikiwekwa juu ambapo watoto hawafiki: paketi mbili tatu za ORS, dawa ya kutibu maji kama Sûr'Eau, mche mmoja wa sabuni usioguswa, parasetamoli yenye maelezo ya kipimo, kitambaa safi cha kufungia jeraha, na nyaraka za familia nzima pamoja. Wanaoishi chini ya Nyiragongo na kando ya Sebeya wanajua kwamba saa ya kukimbia haina muda wa kutafuta. Kikapu kikiwa kimoja, kinabebeka.

Tatu, anayetoa msaada aulize kwanza. Makanisa, misikiti na watu binafsi hutoa sana wakati wa sikukuu, lakini mara nyingi hutoa wanachokiona chema wao. Dawa zilizobaki nyumbani kwa mtu hazifai kugawiwa. Peleka sabuni, taulo za kike na ndoo yenye bomba, na kama una fedha, lipia kaya moja mituweli. Faranga zilizolipia bima ya watu sita kwa mwaka zinafanya kazi ndefu kuliko picha ya makabidhiano.

Nne, wahusika wa serikali na mashirika waiweke sabuni katika hesabu za baada ya dharura. Familia iliyorudi hupewa msaada wa kuanzia maisha, na msaada huo huisha kabla shamba halijatoa mavuno. Miezi hiyo ya katikati ndiyo mibaya. Vivyo hivyo, mpaka unapofungwa kwa sababu za usalama au ugonjwa, kama ilivyokuwa Machi 2020, kaya zinazoishi kwa kuvuka hubakiwa na mtaji unaoliwa siku kwa siku. Kuwagawia sabuni na dawa ya maji katika wiki ya kwanza kungegharimu kidogo kuliko kutibu mlipuko wiki ya tano.

Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba, na wengi wetu tumeusikia msemo huo hadi tukaacha kuusikiliza. Mjini Gisenyi una bei inayojulikana: gramu 450 za sabuni kwa kila mtu kwa mwezi, na, kwa mchango wa faranga 3,000 kwa kichwa, faranga 50 za bima kwa siku kwa kaya ya watu sita. Mwenye kapu la nyanya anaweza kuanza kuzitenga leo jioni, kabla ya kuhesabu faida.